Jina Hutangulia Mtu



Filipo alipomletea Nathanaeli habari za Yesu wa Nazareti, Nathanaeli alidharau kwa kusikia jina la kijiji tu, kabla hajamwona mtu mwenyewe. Chuki ya dini huanza vivyo hivyo: jina hutangulia, na mtu hasikilizwi tena.

Historia ya ziwa letu yatufundisha. Mnamo Februari 1879 Wamisionari wa Afrika walifika Buganda. Mwaka 1883 wakafungua misioni ya Bukumbi, huku kwetu Usukumani. Waganda waliobatizwa na mapadre hao waliitwa Wafaransa, na wenzao Waanglikana wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda wa lugha moja. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa ajili ya Kristo mmoja. Lakini tarehe 24 Januari 1892, kabla ya miaka 6 kutimia, ndugu za mashahidi hao walipigana kwa bunduki pale Mengo. Kapteni Lugard aliwapa Waanglikana silaha; Wakatoliki wakashindwa, na wengi wakahamia Buddu. Ugomvi wa madaraka ulikuwapo, twakiri; lakini jina la kupachikwa lilikuwa limekwisha kumfanya jirani aonekane mgeni katika nchi yake.

Mbegu hiyo haikufa upesi. Chama cha Democratic Party cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1954 na baadaye kuongozwa na Benedicto Kiwanuka, kilidhihakiwa na wapinzani wake kuwa ni dini ya Papa, kana kwamba Mkatoliki hawezi kuipenda nchi yake.

Wapendwa, hata leo wako wanaotuambia sokoni na kazini kwamba twaabudu sanamu. Inauma. Hata hivyo tujiulize: sisi twamwitaje jirani anayewatambikia wazee wake, au yule aliyeokoka anayesali katika banda la bati? Tukimbandika jina kabla hajafungua kinywa, tumeshika fimbo ileile iliyotupiga.

Filipo hakubishana na Nathanaeli. Alimwalika aende akajionee. Juma hili tumkaribishe nyumbani jirani mmoja wa imani nyingine. Tumsikilize mpaka amalize, kisha tumweleze imani yetu bila hasira na bila aibu.

Mungu awabariki nyote. Amina.