'Imarisha' na Kuta za Mtabila

Tumezoea kufasiri 'imarisha' kuwa kutia nguvu, basi. Lakini 'imara' limetoka Kiarabu, katika mzizi uliotupa pia 'umri': kujenga, kukaa mahali, kuishi. Warundi nao husema 'gukomeza': kutia nguvu, na vilevile kuendelea. (Mswahili akisikia 'komeza' atadhani 'komesha'!)

Nafikiria Mtabila, kule Kasulu. Wakimbizi wa vita vya Burundi vilivyoanza 1993 waliimarisha kuta zao za udongo, wakazaa, wakazika. Desemba 2012 kambi ikafungwa. Zaidi ya watu 30,000 wakarudishwa kwao. Sasa mhakiki aniambie: nyumba iliyokaliwa karibu miaka 20, halafu ikaachwa tupu, ilikuwa imara au la? Mimi nasema ilikuwa.