Silent Hill 2
Silent Hill 2 ni mchezo wa video wa kutisha uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani mwaka 2001 kwa mashine ya PlayStation 2. James Sunderland anapata barua ya mkewe Mary, aliyekwisha kufariki, ikimwita katika mji wa Silent Hill, Marekani. Karibu na mwisho, kanda ya video inafichua kuwa ni James aliyemuua Mary, aliyekuwa mgonjwa, kwa kumziba pumzi kwa mto.

Hapo mazimwi yote ya mji huo husomeka upya. Pyramid Head, jitu lenye kichwa cha chuma, yupo kwa sababu James alihitaji wa kumwadhibu, kama mwenyewe anavyokiri. Maria, mwanamke anayefanana mno na Mary, hufa mbele yake tena na tena. Angela, aliyedhulumiwa na babake, huuona mji ukiwaka moto, ilhali mtoto Laura haoni zimwi lolote. Hatima nayo hufuata mwenendo wa mchezaji: akizoea kuacha majeraha bila tiba, James huelekea kujiua. Ni hila ya kikatili kidogo, kwani mchezaji hahisi kwamba anapimwa. Studio ya Bloober Team ya Poland iliuunda mchezo huo upya mwaka 2024.