Rungwe, kabla na baada ya tarumbeta

Tukuyu haikujengewa jumba la opera. Wajerumani walipohamishia makao ya utawala hapa kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, waliuita mji Neu-Langenburg na kuujengea boma. Nyumba ya kuimbia ilikuwa Rungwe, kwenye misheni ya Moravian, chini ya mlima wa karibu mita 3,000.

Misheni hiyo ilianzishwa mwaka 1891. Wamisionari wanne, Theodor Meyer, Theophil Richard, Georg Martin na Johannes Häfner, walipanda mto Zambezi, wakaingia Shire, kisha ziwa. Martin alifariki mwaka huohuo. Waliobaki walikuwa na desturi ya kwao Herrnhut, Ujerumani, ambako Wamoravian walipuliza tarumbeta tangu miaka ya 1730: kila tukio kubwa la kanisa lina wimbo wake, na kila muumini ni mwimbaji. Ndiyo maana kanisa la Rungwe halikuhitaji jukwaa. Huko hakuna watazamaji.

Lakini opera yenyewe, kama tukiitafuta kwa haki, Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, walikuwa nayo tayari, na ilichezwa msibani. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, waliishuhudia: wanawake wakilia kwa sauti, ngoma zikinguruma, wanaume wakicheza na mikuki nje ya nyumba ya marehemu, vijana wakitongozana katikati ya kilio, na mara nyingine ugomvi ukizuka. Vita, mapenzi na kifo, vyote uwanja mmoja. Verdi, mtunzi wa opera, angeomba kiti cha mbele.

Wamisionari waliiona ngoma hiyo kuwa upagani na kuwakataza waumini wao. Siwezi kuwasifia kwa hilo. Walileta sauti nne na kutaka kunyamazisha nyingine zote.

Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Neu-Langenburg, na Wajerumani wakaondolewa misheni. Waumini walibaki na walimu na wazee wao, baadaye wakisimamiwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, hadi Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Nyimbo hazikuwasubiri.

Leo bendi za tarumbeta za Moravian zinajulikana Mbeya yote. Alfajiri ya Pasaka waumini huenda makaburini kuimba, na vyombo vya shaba huamsha hata majirani wasiosali. Ing'oma, ngoma ya Wanyakyusa, nayo bado inapigwa, na wapo wanaocheza zote mbili.