"Presently": Mara Moja au Baadaye?

Mtahiniwa, usomapo Shakespeare usikipe kielezi "presently" maana ya leo. Mwingereza wa sasa hukusudia "baada ya muda mfupi". Mmarekani, "kwa sasa". Mwishoni mwa karne ya 16 maana yake kuu ilikuwa "mara moja". Katika tamthilia ambayo Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina Mabepari wa Venisi (1969), Antonio anamhimiza Bassanio aende "presently" kuulizia mkopo. Ukifasiri "baadaye", umeiua haraka yote ya mchumba asiye na fedha. Kilichokigeuza kielezi hiki ni uzembe wa binadamu: wengi waliahidi "mara moja" wakachelewa. "Soon" nacho kilipitia njia iyo hiyo. Nasi je, anayejibu "naja sasa hivi" hufika lini?