Ulevi, Kileo na Kiasi katika Historia ya Kenya

Kitenzi "lewa" kimezaa majina kadhaa ya Kiswahili, yakiwemo mlevi, ulevi na kileo. Majina haya hayataji nafaka, asali wala utomvu uliotengenezea kinywaji; yanataja hali impatayo mnywaji. Kwa mujibu wa lugha, basi, lawama humwangukia aliyepita kiasi. Historia ya sheria za pombe nchini Kenya yaonyesha jinsi watawala walivyoiacha maana hiyo, na hasara iliyofuata.

Miongoni mwa Wagikuyu wa zamani, pombe ya miwa au ya asali ilikuwa haki ya wazee, nayo iliandamana na posa na matambiko. Kwa Wagiriama, ambao David Parkin aliandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1972, tembo la mnazi lilikuwa na nafasi yake katika mahari na mazishi. Isidhaniwe kwamba wazee hawakulewa, walilewa. Hata hivyo kiasi kilikuwa na walinzi wake: rika, msimu wa mavuno na macho ya wenzi walioketi pamoja. Kwa Waislamu wa pwani suala hilo halikuzuka, kwa kuwa dini yao imeharamisha kileo, kiwe kingi au kichache.

Ukoloni ulileta kipimo kingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaendeleza kizuizi hicho. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa mwaka 1922, lakini Waafrika hawakuruhusiwa kununua bia yake ya chupa hadi mwaka 1947. Swali halikuwa tena mtu amekunywa kiasi gani, bali ni wa rangi gani.

Baada ya Uhuru, rangi iliondoka lakini mkazo ukabaki juu ya kinywaji. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa, nayo ikajificha vichochoroni, ambako mnywaji hakuweza kujua nguvu yake wala kilichotiwa ndani. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa kunywa pombe haramu yenye methanoli.

Sheria ya mwaka 2010 iliondoa marufuku hayo, ikadai leseni, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na ikaweka saa za kuuza. Kwa hiyo yale maswali ya wazee yamerejea: nani anywe, lini na wapi. Lakini saa hulindwa na polisi, wala si na mwenzi aketiye kando. Leseni haiwezi kumwambia mtu kwamba ametosheka; jambo hilo lilikuwa kazi ya rika, na bado halijapata mrithi.