Taa Ipi Ipande Usambara

Mwaka 1898 Robert Koch, daktari Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu miaka 16 kabla yake, aliandika jambo alilolisikia kwa wenyeji wa milima ya Usambara. Mtu akishuka nyikani akarudi na homa, wenyeji waliuita ugonjwa huo mbu. Alipouliza sababu, akaambiwa kwamba huko chini kuna wadudu wa jina hilohilo, na wakikuuma unaugua. Ulaya ilikuwa ingali inabishana juu ya chanzo cha malaria. Watu wa mlimani walikuwa wameshapata jibu kwa kutazama nani anashuka mzima na nani anapanda akitetemeka.

Koch naye alikuwa na hadubini. Chini ya jukwaa la hadubini za zama zile palikuwa na kioo kidogo cha duara, upande mmoja bapa, upande wa pili mbonyeo. Mpimaji alikaa karibu na dirisha, akakigeuzageuza kile kioo mpaka mwanga wa mawingu meupe ukapanda kwenye slaidi. Kukicha unafanya kazi, jua likizama unafunga. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, Usambara ya Mashariki, na Koch alipokuja tena mwaka 1905 alifanya kazi huko pia. Tukisimulia historia ya maradhi ya milima hii tunataja dawa, rangi za maabara na majina ya madaktari, na taa tunaisahau. Mimi naamini taa ndiyo iliyoamua mara nyingi nani apimwe na nani arudishwe nyumbani bila jibu.

Kuna aina ya hadubini inayolionyesha jambo hili kuliko nyingine zote, nayo ni hadubini ya fluoresensi. Vitu fulani vikimulikwa kwa mwanga wa buluu au wa urujuanimno huumeza, kisha hutoa mwanga wao wenyewe wa rangi nyingine: kijani, njano, hata nyekundu. George Stokes wa Cambridge ndiye aliyelipa jambo hilo jina, mwaka 1852, na taa yake ilikuwa jua. Aliuchuja mwanga wa jua kwa kioo cha buluu kama cha madirisha ya kanisani, akaumulika mmumunyo, kisha akautazama kupitia bilauri ya mvinyo wa njano iliyozuia ile buluu isimfikie jichoni. Mmumunyo wenyewe ulikuwa wa kwinini. Ndiyo, kwinini ileile ya malaria, ambayo miti yake Wajerumani waliipanda Amani, na ambayo wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia ilitengenezwa hukohuko mlimani kwa ajili ya askari wao, ambao Waingereza walikuwa wamewafungia njia ya bahari.

Kwa hiyo tangu mwanzo kanuni ilikuwa wazi: taa inayotoa rangi inayotakiwa, chujio la kuingizia mwanga, na chujio la pili la kuzuia. Yote yaliyofuata ni mabishano juu ya taa. August Köhler wa Jena, mnamo 1904, aliona vitu viking'aa vyenyewe chini ya hadubini yake ya urujuanimno. Kati ya 1911 na 1913 kiwanda cha Reichert huko Vienna kikatengeneza hadubini ya fluoresensi yenyewe, ikiwashwa kwa tao la umeme kati ya vijiti viwili vya kaboni. Tao hilo lilikuwa kali, lenye joto na la kupepesuka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikaja rangi ya auramini, inayowafanya bakteria wa kifua kikuu wang'ae kama vipande vya uzi wa njano juu ya giza. Kisha taa ya zebaki ikashika enzi kwa miongo mingi.

Taa hii nataka tuitazame kwa karibu. Ni kijitungi cha kioo kinachoenea kiganjani, chenye zebaki ndani, na kikiwaka mgandamizo wake hupanda sana. Hukishiki kwa vidole vitupu, maana mafuta ya ngozi hukaangika juu ya kioo na kukidhoofisha. Ukishakifunga unahangaika na skrubu mpaka tao likae katikati, la sivyo nusu ya uwanja wa hadubini inakuwa kiza. Unaandika daftarini saa ilizowaka, kwa sababu balbu ya wati 100 huhesabiwa saa 200 hivi, na ukizidisha inaweza kupasuka na kumwaga mvuke wa sumu chumbani. Piga hesabu: saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki saba hazifiki. Na umeme ukikatika, huwezi kuiwasha papo hapo; unangoja ipoe, na kila kuwasha kunapunguza umri wake. Anayeishi kwenye mji ambao umeme hukatika mara tatu asubuhi moja anajua maana ya maneno hayo. Zaidi ya hayo inahitaji chumba cha giza.

Tanzania ilipoanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, Karel Styblo akiwa mshauri wake mkuu, ilichagua hadubini ya kawaida na rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen. Kulikuwa na busara kubwa katika uamuzi huo. Hadubini ya kioo hufanya kazi popote penye dirisha, na mpango huo ukawa mfano uliofuatwa na nchi nyingi. Ila gharama yake iliangukia macho ya mpimaji: slaidi ya Ziehl-Neelsen husomwa kwa ukuzaji wa mara 1,000, kipande kwa kipande, ilhali ya auramini husomwa kwa mara 200 au 400, na wagonjwa wanaonaswa huwa wengi zaidi kwa takribani asilimia 10.

Kwa malaria, njia ilitoka Japani. Mwaka 1991 Fumihiko Kawamoto alionyesha kwamba huhitaji taa ya zebaki ili kuona vimelea vilivyotiwa rangi ya akridini ya chungwa. Inatosha hadubini ya kawaida, balbu ya halojeni na chujio zuri. Pasipo umeme, jua. Sababu yake inapendeza. Akridini hupenda mwanga wa buluu wa karibu nanomita 490. Zebaki haitoi mwanga sawasawa. Ina vilele vyake, kimoja kwenye 436, kingine kwenye 546, na katikati hapo imedorora. Taa ya bei kubwa ilikuwa dhaifu palepale inapohitajiwa.

Mwaka 1994 mpango wa taifa wa kudhibiti malaria, pamoja na JICA, shirika la misaada la Japani, ulianza kuieneza njia hiyo nchini. Ilifika kwenye hospitali 70 za mikoa na wilaya, na wataalamu wa maabara 400 wakafunzwa. Jibu lilipatikana kati ya dakika 3 na 10, badala ya 45 au zaidi za rangi iliyozoeleka ya Giemsa. Kiini cha kimelea kinawaka kijani, mwili wake mwekundu. Udhaifu ulikuwepo: vimelea vikiwa vichache vilipita bila kuonekana, na kutofautisha aina zake kulikuwa kugumu mara nyingine. Baadaye vipimo vya haraka vya kijiti vikaipokonya nafasi. Hata hivyo, sijui mfano mwingine wa nchi yetu kuitendea taa kwa akili namna ile.

Ila jua la Kawamoto lina mipaka yake huku Usambara. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kuna asubuhi za Juni na Julai ambapo ukungu unalala bondeni mpaka karibu na adhuhuri. Kioo hakina cha kukamata. Na mgonjwa aliyepanda kutoka nyikani na homa hawezi kungoja mawingu yafunguke. Malaria mlimani ni chache kuliko huko chini, Mombo au Korogwe, na kwa sababu hiyohiyo watu wa juu hawana kinga nyingi. Ikiwapata, huwaangusha vibaya.

Suluhisho lilitokana na kitu ambacho hakikubuniwa kwa ajili ya hospitali. Mwaka 1993 Shuji Nakamura, katika kampuni ya Nichia huko Japani, alitengeneza diodi ya mwanga (LED) ya buluu yenye mwanga mkali, na mwaka 2014 alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Buluu hiyo ndiyo auramini, ile rangi ya kifua kikuu, inayoitaka. LED huwaka papo hapo, haina zebaki, haipashi chumba joto, huishi maelfu mengi ya saa, hutumia betri, na chumba chenye kivuli tu kinatosha. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ichukue nafasi ya zebaki, na pia ya Ziehl-Neelsen hatua kwa hatua.

Kwa Lushoto, ambako tauni iliyozuka mwaka 1980 iliwaacha watu wakimtazama kila panya kwa hofu, kuna jambo la kutia moyo Morogoro. Huko, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limewafunza panya buku kunusa makohozi ya wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu. Buku akiashiria sampuli, wataalamu huithibitisha kwa hadubini, na taa yake ni LED.

Mashine za kusoma vinasaba zimefika, nazo hunasa zaidi kuliko hadubini yoyote. Lakini zinakula vifaa vinavyoagizwa nje na zinataka umeme usioyumba. Kama zahanati ya mlimani ingeniuliza leo inunue nini, ningejibu: hadubini imara yenye kioo chake cha jua kingali mahali pake, kiambatisho cha LED ya buluu, chujio la auramini, na betri inayochajiwa usiku. Taa ya namna hiyo inawashwa kwa kidole kimoja, na ukungu ukishuka Magamba, juu ya Lushoto, umeme nao ukikatika, slaidi iliyo jukwaani inaendelea kusomwa.