Molekuli Zinazong'aa Zafichua Jinsi Tando Nyembamba Zinavyoundwa

Utando mwembamba ni tabaka la kitu kigumu linalopakwa juu ya kioo, silikoni au metali, ambalo mara nyingi unene wake haufikii mikromita moja. Unywele wa binadamu una takriban mikromita 70. Tando za aina hiyo hupunguza mwanga unaoakisiwa na lenzi za miwani na vioo vya paneli za sola.

Njia mojawapo ya kuzitengeneza ni kuchovya kioo katika mchanganyiko wa ethanoli, maji na misombo ya silika, kisha kukivuta juu polepole. Kimiminika kinachosalia juu yake hukauka kwa sekunde chache. Hapo ndipo penye ugumu: utando ukikauka vibaya hupasuka, na kuukagua baadaye hakuonyeshi kosa lilitokea katika hatua gani.

Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wakiwemo Jeffrey Zink na Bruce Dunn, kwa ushirikiano na Jeffrey Brinker wa maabara za Sandia nchini Marekani, walichapisha utafiti uliofuatilia hatua hizo zikiendelea. Walitia katika mchanganyiko kiasi kidogo cha piranini, rangi inayotumika pia katika kalamu za kung'arisha maandishi.

Piranini ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno ndani ya ethanoli, hubaki na protoni yake na kung'aa buluu. Ndani ya maji huiachilia protoni hiyo, na mng'ao wake hugeuka kijani. Hivyo rangi inayoonekana katika kila sehemu ya utando hudhihirisha uwiano wa maji na ethanoli mahali hapo. Kwa kuwa ethanoli hutangulia kuvukizwa, sehemu inayokaribia kukauka hubaki na maji mengi zaidi.

Jambo hilo lina uzito, kwani maji hubadili kasi ya silika kuungana, na mvutano wa uso wake, unaozidi ule wa ethanoli, huweza kuupasua utando unaokauka.

Mwaka 2000, Zink, Dunn na mwenzao walitumia njia hiyo kuchunguza tando zilizochanganywa na molekuli za jamii ya sabuni, ambazo hujipanga zenyewe kwa matabaka.

Hata hivyo, kichunguzi hicho hutiwa kwa uchache mno, kisije kikabadili kile kinachochunguzwa.